NANI APEWE SIFA GEMU IKIISHA?



Leo ningependa tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, tena la kitoto. Nalo ni kile kidole gumba ambacho vijana wetu hukibonyeza kila wanapomaliza gemu kwenye simu, kumsifu mwenzao waliyecheza naye. Hata mimi nililiona dogo, mpaka lilipoleta ugomvi nyumbani kwangu hapa Buyenzi, mtoto wa dada yangu akakaa siku nne bila kukanyaga kwetu, na dada yangu akanipigia simu kwa sauti ya mtu ambaye ameshaamua nani ana makosa.

Niwaeleze kisa chenyewe, maana bila kisa maneno yangu yatabaki hewani.

Ilikuwa baada ya Isha. Umeme ulikuwepo, jambo ambalo si la kila siku, na vijana watatu walikuwa wamekaa kwenye mkeka barazani kila mmoja na simu yake: mwanangu wa pili mwenye miaka 15, mpwa wangu huyo mwenye miaka 17, na kijana wa jirani. Walikuwa wakicheza PUBG Mobile. Kwa mzazi asiyeijua, hiyo ni gemu ya vita iliyotoka mwaka 2018. Watu 100 hushuka kisiwani kwa miavuli, katika timu za watu wanne wanne, na timu itakayobaki mwisho ndiyo iliyoshinda. Vijana wetu walikuwa watatu, kwa hiyo gemu yenyewe ikawatafutia wa nne, mtu wasiyemjua kabisa. Walikuwa wakimsikia anasema Kiarabu, na kwa sauti yake alikuwa mtoto, pengine mdogo kuliko hawa wetu. (Kama gemu ya bunduki inawafaa watoto au haiwafai, na mega zote zinazoliwa, hilo nitaliandikia siku nyingine Inshaallah. Leo nina jingine.)

Walishinda. Kelele zao hata nyumba ya tatu walizisikia. Mpwa wangu alikuwa ameangusha watu 11 peke yake, na simu ikamwandika kuwa ndiye mchezaji bora wa timu. Baada ya hapo gemu huonyesha majina ya wenzako, na pembeni ya kila jina kuna kidole gumba. Ukikibonyeza umempa mtu huyo laiki. Unaweza kuwapa wote watatu, au mmoja, au usimpe yeyote, na hulipi chochote. Kijana wa jirani akampa mpwa wangu. Mwanangu akampa yule mtoto wa Kiarabu peke yake, akafunga.

"Na mimi?" akauliza mpwa wangu. "Nimekubeba gemu nzima!"

"Wewe umeshaandikwa bora," mwanangu akamjibu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mimi nilikuwa nakunywa chai, nikahukumu haraka kama tunavyohukumu wazazi tunapotaka kelele ziishe. Nikamwambia mwanangu, mpe na ndugu yako, kwani utapungukiwa na nini? Akaniangalia, akasema:

"Baba, nikimpa kila mtu, yule atajuaje kwamba nilimwona?"

Sikuwa na jibu. Mpwa wangu akachomoa chaji yake ukutani akaenda kwao.

Kesho yake nilikaa na mwanangu wawili tu, akanieleza nisichokiona. Katikati ya gemu alikuwa amepigwa risasi akaanguka. Katika gemu hii ukiangushwa hufi papo hapo. Unatambaa chini, na mwenzako anaweza kuja kukuinua. Lakini kuinuliwa huchukua sekunde kama kumi, na muda wote huo anayekuinua amepiga goti, hawezi kupiga risasi wala kukimbia. Ni kujitoa mhanga kidogo. Mpwa wangu alikuwa karibu zaidi, ila alikuwa anakusanya vitu kwenye masanduku ya wale aliowaua, akamwambia subiri. Yule mtoto mgeni ndiye aliyetoka ndani ya nyumba aliyojificha, akarusha bomu la moshi, akapiga goti, akamwinua, kisha akamwachia bandeji zake. Na huyo mtoto, tangu mwanzo, mpwa wangu alikuwa akimfokea kwa Kiswahili na kwa Kifaransa anyamaze, kwamba anawapigia kelele. Mwisho wa hesabu mtoto yule hakuwa ameua mtu hata mmoja. Ukisoma ubao wa matokeo utasema hakufanya kitu.

Je, hapo ndugu msomaji wewe ungempa nani?

Nina mdogo wangu anayeishi Ubelgiji, mtu mzima mwenye kazi na watoto, na bado hucheza gemu za timu usiku watoto wakishalala. Nilimpigia nikidhani atanicheka. Hakucheka. Akaniambia, "Kaka, hilo swali limewasumbua hata wanaozitengeneza," akanipa historia yake, nami nawapa kwa kifupi.

Gemu iitwayo League of Legends, ya watu watano dhidi ya watano, ilitoka mwaka 2009. Haikupita muda ikajulikana kwa mambo mawili, uzuri wake na matusi ya wachezaji wake. Kampuni ya Riot Games ikaanza kwa njia ya kushtaki, mtu akitukana anaripotiwa. Halafu mwezi Oktoba 2012 wakaongeza njia ya pili, ya kusifu. Gemu ikiisha unaweza kumpa mwenzako sifa kwa kuwa alikuwa mkarimu, au alisaidia, au alishirikiana na timu. Na hata mpinzani uliweza kumsifu kwamba alicheza kwa heshima. Mwaka 2017 wakaibadilisha kabisa: kura moja tu kwa kila gemu, kwa mmoja kati ya wenzako wanne, ukichagua sababu kati ya tatu, ama alibaki mtulivu, ama aliongoza vizuri, ama ilikuwa raha kucheza naye. Overwatch, ya kampuni ya Blizzard, nayo ilileta mpango wake mwezi Juni 2018, wenye sababu tatu vilevile: kiongozi mzuri, mwenzi mzuri wa timu, na mwenye uungwana wa michezo. Na katika Dota 2 kulikuwa na sababu nne: mkarimu, msamehevu, mwalimu, kiongozi.

Sasa tazameni jambo moja. Katika sababu zote hizo hakuna hata moja isemayo "aliua wengi". Watu hawa wa makampuni tofauti, wanaoshindana kibiashara, walikaa kila mmoja kwake wakafika mahali pamoja: ustadi haumo katika orodha ya sifa. Na mimi naona sababu yake ni wazi. Ustadi una ubao wake. Aliyeua 11 ameandikwa 11, ulimwengu mzima unaona, wala hahitaji shahidi. Kile kitufe kimewekwa kwa ajili ya yale ambayo mashine haiwezi kuyahesabu: nani alinyamaza alipotukanwa, nani alirudi nyuma kukuchukua, nani alimfundisha mgeni bila kumdharau. Hayo yanajulikana na mtu aliyekuwepo tu. Usipoyasema wewe yamepotea.

Kwa hiyo nasema wazi, ingawa dada yangu anasoma ukurasa huu: mwanangu alikuwa amekielewa kitufe kile kuliko mimi.

Lakini kuna walivyokusudia watengenezaji, na kuna watu wanavyofanya. Mdogo wangu alinichekesha hapo. Wengine, anasema, hawafikirii kabisa, hubonyeza jina la kwanza ili ukurasa ufungwe. Wengine humpa yule mwenye namba kubwa, kama vile ubao haujamsifu vya kutosha. Wengine hufanya biashara, wanaandikiana waziwazi kabla hata gemu haijaisha, nipe nikupe. Na wengi, wengi mno, huwapa marafiki walioingia nao, hata kama rafiki mwenyewe alisinzia gemu nzima.

Hili la marafiki kuna gemu moja iliyolikata kwa kisu. Inaitwa Final Fantasy XIV, na ndiyo anayoicheza zaidi mdogo wangu. Huko tangu Desemba 2013 kila kazi mnayoifanya pamoja na watu wa kukutana nao, mwishoni unapewa sifa moja ya kutoa, na huruhusiwi kumpa mtu uliyeingia naye kwenye kundi lako. Basi. Ndugu yako, mkeo, swahiba wako wa utotoni, hapati kitu kwako. Lazima umtazame mgeni. Nilipoelezwa hilo nilicheka peke yangu, nikaona kwamba huko mwanangu asingekuwa na ugomvi wowote, maana asingekuwa na njia ya kumpa binamu yake hata angetaka!

Hata hivyo kumpa mgeni nako kuna mtego wake, na huu ndio ulionifikirisha zaidi. Katika gemu hiyo kundi dogo lina watu wanne: mlinzi mmoja anayesimama mbele kupokea mapigo, tabibu mmoja anayewaponya wenzake, na washambuliaji wawili. Wachezaji wake wamekwisha zoea kwamba mlinzi na tabibu ndio wanaovuna sifa nyingi. Mdogo wangu ni tabibu, anasema hajawahi kulalamika. Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, kila mmoja wao yuko peke yake katika kazi yake, ilhali washambuliaji ni wawili na kura za kazi yao zinagawanyika. Pili, kazi yao inaonekana hasa inapoharibika. Tabibu akizubaa sekunde tano mmekufa wote. Ukiokoka unajua nani kakuokoa. Lakini mshambuliaji anayejua kusogea kabla moto haujafika, asipigwe, asimsumbue tabibu, asiharibu kitu... huyo nani atamwona? Kazi yake nzuri ni balaa ambalo halikutokea. Hakuna anayeshukuru kwa kitu ambacho hakikutokea.

Mimi nauza vipuri, na wanaojua Buyenzi wanajua kwamba sisi hapa tumezungukwa na magari yaliyofunguliwa. Nimeona jambo hili hili kwa miaka mingi bila kuliwekea jina. Gari likipona, mwenye gari hutoa mkono kwa fundi anayelileta nje akiwa ameshika usukani. Yule kijana aliyelala chini yake tangu asubuhi, mafuta machafu yanamdondokea usoni, yuko nyuma ananawa. Na yule aliyeona breki zimeisha akasema wakati bado mapema, gari lisiende kumwua mtu barabarani, huyo hata mwenye gari hamjui. Anaona tu kwamba bili imeongezeka.

Basi naona swali la kumfundisha mtoto si "nani alicheza vizuri kuliko wote". Hilo atajibiwa na simu. Aulizwe: ni wapi katika gemu hii ungeanguka, na hukuanguka, na kwa sababu ya nani? Mtoto akizoea kujiuliza hivyo ataanza kutazama pembeni wakati gemu inaendelea, maana hutaweza kulijibu swali hilo mwishoni kama macho yako yalikuwa kwenye bunduki yako tu.

Niseme na la kushindwa, kwa ufupi. Mdogo wangu anasema timu ikishindwa watu hutoka mbio kama nyumba inaungua, hakuna anayesubiri ukurasa wa sifa. Naona ni hasara. Uungwana wa mtu timu ikiwa inashinda ni jambo rahisi, hata mpwa wangu huwa mpole akishinda.

Kuna mzazi mmoja msikitini aliniambia kwamba haya yote ni unafiki mtupu, kwa sababu makampuni hugawa zawadi. Ni kweli yamegawa. League of Legends, Overwatch na Final Fantasy XIV zote zimewapa kitu waliopata sifa nyingi, nguo za kumvika mhusika wako, mnyama wa kupanda, na mengineyo. Basi mtu anajifanya mpole ili apate nguo ya mchezo. Sibishi kwamba wapo. Lakini yule aliyefungiwa matusi yake kwa tamaa ya nguo, angalau mtoto wangu hakuyasikia. Moyo wake siujui na si kazi yangu. Blizzard wenyewe walieleza baada ya kuanzisha mpango wao kwamba lugha chafu ilipungua, na hilo kwangu mzazi lina thamani hata kama nia haikuwa safi.

Hoja ya dada yangu ndiyo nzito, nami sitaki kuipita juu juu. Aliniambia kwenye simu: "Kaka, mwanao amemwacha ndugu yake wa damu akamtukuza mtu ambaye hatamwona tena maisha yake yote. Leo ni kwenye simu, kesho itakuwa wapi?"

Nilifikiri usiku mzima. Jibu langu ni hili. Kumsifu mtu mbele ya watu ni kutoa ushahidi. Kumsaidia ndugu, kumlisha, kumsitiri, kumkopesha, hapo ndugu ana haki ya kwanza na sibishani. Lakini ushahidi hautolewi kwa udugu. Ukisema "huyu alikuwa mwenzi mwema" na hakuwa, umesema uongo hata kama ni wa kidole. Na ubaya wake haumpati mgeni peke yake. Unampata ndugu yako pia, kwa sababu umemwambia kwamba kukuacha chini ukitambaa huku yeye anakusanya risasi ni sawa, hakuna tatizo, chukua na laiki juu yake.

Kuhusu kutomwona tena, naona hiyo ndiyo sababu ya kumpa. Ndugu yako utakuwa naye kesho, utampikia chai, utamwambia mwenyewe kwa mdomo. Yule mtoto sijui yuko Baghdad, sijui yuko Cairo, alikuwa na ukurasa ule mmoja tu wa kuambiwa kitu na watu watatu aliowasaidia, mmoja wao akiwa amemfokea nusu saa nzima. Wawili hawakumwambia kitu.

Ila dada yangu nitampa haki yake kwa jambo moja, na mwanangu nimemwambia. Alitumia kimya kama fimbo. Alikuwa na hasira na binamu yake tangu pale alipoambiwa "subiri", hakusema, akangoja mwisho amwadhibu mbele ya kijana wa jirani kwa kumnyima kidole. Hapo kitufe kiligeuka kuwa cha kushtaki. Kumpa mgeni ilikuwa haki. Lakini la binamu yake alipaswa kulisema palepale: umeniacha, nimeumia. Kijana wa miaka 17 haelewi kunyimwa laiki maana yake ni nini. Anaelewa tu kwamba amedhalilishwa. Mwanangu alikubali nusu. Nusu nyingine anasema binamu yake asingesikia, alikuwa amevaa vile vya masikioni na anapiga kelele.

Mpwa wangu alirudi siku ya tano. Sitaki kumsingizia toba. Kwao umeme ulikuwa umekatika na simu yake ilikuwa haina chaji. Alisalimia, "Shikamoo mjomba," akakaa kwenye ncha ya mkeka mbali kidogo na mwanangu, wakacheza bila maneno mengi. Walishindwa mapema. Mpwa wangu ndiye aliyeanguka kwanza, mwanangu akakimbia kumwinua, naye akapigwa risasi hapohapo goti likiwa chini, akatolewa. Hakuna aliyeshangilia usiku huo.

Ukurasa wa mwisho ulipotokea, kijana wa jirani alitoka mara moja. Mpwa wangu alibaki anautazama kidogo, kidole kikiwa juu ya kioo. Sikuona alimpa nani au kama alimpa mtu, kwa sababu binti yangu alipita katikati yetu na chupa ya chai na vikombe vinne, kama alivyofanya ule usiku wa kwanza, na nikawa najaribu kukumbuka kama usiku ule kuna yeyote kati yetu, nikiwemo mimi, aliyemwambia neno.

Wassalaam alaykum.